Namna ya kumshea mwenzio jazi unayoipenda mpaka aisikilize kweli

Nianze na kosa langu maana ndo lililonifundisha. Kuna rafiki yangu aliniambia anataka kuijua jazi, basi nikafurahi sana, usiku huohuo nikakaa nikamtengenezea orodha ya nyimbo arobaini na kitu, nimezipanga kwa miaka kabisa, kuanzia zile za zamani zenye mikwaruzo mpaka za juzi, nikamtumia linki nikalala nikijua nimefanya jambo la maana. Wiki mbili baadaye namuuliza umefika wapi, ananiambia bado niko kwenye ule wa pili. Na wala hakuwa mvivu, mimi ndo nilimbebesha mzigo asiojua aushike wapi.

Miezi imepita, mtu mwingine, yeye mkongwe kwenye mambo haya, akanitumia wimbo mmoja ambao nilikuwa naujua siku zote, "So What" wa Miles Davis, ndo unaofungua albamu ya "Kind of Blue" ya 1959. Chini yake kaandika mstari mmoja: sikiliza toazi pale Miles anapoanza kupiga peke yake, kama dakika moja na nusu hivi, halafu niambie. Nikavaa hedifoni. Mwanzo piano na besi zinapapasa taratibu kama mtu anayetafuta mlango gizani, kisha besi inauliza swali lake, piano inajibu kwa mapigo mawili, besi inauliza tena, safari hii wapulizaji wote wanajibu yale mapigo mawili, na pale Miles anapotoka mbele mpiga dramu Jimmy Cobb analigonga toazi, lile sahani la chuma, mara moja, kwa nguvu, na mlio wake unabaki unaelea hewani huku tarumbeta linaanza kutembea chini yake. Nimeusikia wimbo ule labda mara mia na lile toazi sikuwahi kulisikia. Toka siku hiyo nikabadilisha namna yangu yote ya kushea, sasa hivi namuonyesha mtu pa kuweka sikio, mengine atayakuta mwenyewe. Hatua ninazofuata ni hizi.

Hatua ya kwanza: mjue unayemshea

Kabla hujatuma chochote muulize swali moja, kwenye muziki unaosikiliza sasa hivi ni kitu gani kinakukamata? Usitegemee jibu la kitaalamu, atakwambia napenda sauti, au napenda maneno, au mdundo, au nataka kitu cha kunituliza kichwa usiku, na hapo kazi yako imeshapungua nusu.

Anayependa maneno mpe Billie Holiday, yule mama analivuta neno la kawaida kabisa mpaka unahisi ndo unalisikia kwa mara ya kwanza. Anayependa sauti mpe Sarah Vaughan, anza na albamu aliyorekodi Desemba 1954 akiwa na Clifford Brown kwenye tarumbeta, ule wimbo wa kwanza, "Lullaby of Birdland", unatosha kabisa kumaliza ubishi. Wa mdundo mpe "Moanin'" ya Art Blakey na Jazz Messengers, ya 1958, Bobby Timmons anatoa kauli kwenye piano na wenzake wanaitikia kama waumini wanavyosema amina, ikifika mara ya tatu mwenzio naye anaitikia. Wa utulivu ni mpiga piano Bill Evans bila kufikiria mara mbili. Na kama mtu katokea kwenye hip hop na R&B basi "Black Radio" ya Robert Glasper, ya 2012, itamvusha vizuri tu, kuna watu wanaidharau njia hiyo wanasema sio jazi kamili, mimi sikubaliani nao hata kidogo, nimeona watu wakipitia hapo wakafika mpaka kwa Thelonious Monk, mpiga piano asiyezoeleka haraka.

Nachoomba usifanye ni kumuanzisha mtu na "Ascension" ya mpiga saksafoni John Coltrane. Aliirekodi 1965, watu 11 studio moja, karibu dakika 40 za moto mtupu. Naipenda sana ile albamu lakini mgeni ukimpa hiyo siku ya kwanza ataondoka akiamini jazi ni kelele na kumrudisha ni kazi. Itamfika tu wakati wake ukifika.

Hatua ya pili: tuma kimoja

Kimoja, narudia. Wimbo mmoja, na kama ni albamu basi albamu moja na iwe fupi. Bahati nzuri albamu nyingi kubwa za jazi ni fupi kwa sababu zilitengenezwa ziingie kwenye santuri yenye pande mbili, kila upande dakika ishirini hivi. "Kind of Blue" yenyewe ina nyimbo tano tu. "John Coltrane and Johnny Hartman" ya 1963 ina sita na inaisha kwa kama nusu saa, na sijui albamu nyingine nzuri kama hiyo ya kumpa mtu anayedhani Coltrane ni wa kupiga kelele tu, maana humo anapuliza kwa upole wa ajabu nyuma ya ile sauti nzito ya Hartman kama anayeogopa kumuamsha mtu.

Ila ziko albamu ambazo ukitoa wimbo mmoja unaivunja, "A Love Supreme" ni mojawapo. Ina sehemu nne, zimerekodiwa siku moja, tarehe 9 Desemba 1964, kwenye studio ya Rudy Van Gelder kule New Jersey, jumla kama dakika 33, na Coltrane aliiwaza kama sala moja inayoanza na kuisha. Hiyo mwambie mwenzio kabisa, hii tenga nusu saa, usiisikilize ukiwa unajibu meseji.

Hatua ya tatu: isikilize tena wewe mwenyewe, na dakika uandike

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye uzito kuliko zote. Usitume kwa kumbukumbu. Weka wimbo, shika kalamu au simu, na kila sehemu inayokusisimua andika dakika na sekunde. Ukimaliza utakuta una sehemu tatu au nne, chagua moja ya kumwambia na nyingine ziache.

Mfano wangu ninaoutumia sana ni Ella Fitzgerald akiwa Berlin, Februari 1960, anaimba "Mack the Knife" laivu. Kabla hajaanza anawaambia watu anatumaini atakumbuka maneno yote. Anaenda vizuri beti kadhaa, halafu ghafla maneno yanapotea. Sasa sikiliza anachofanya, hasimami, hacheki kwa aibu, bendi haipungui hata kidogo, anaimba palepale kwamba hajui ubeti unaofuata, na anauimba kwa melodia ileile na kwa vina kabisa, anawataja Bobby Darin na Louis Armstrong walioimba wimbo huo kabla yake, anasema sasa Ella na wenzake wanauharibu, halafu anageuza sauti anakuwa Armstrong mwenyewe na ule mkoromo wake. Ukumbi unalipuka. Rekodi ile ilimpa tuzo ya Grammy. Mimi huwa simwambii mtu habari yote hiyo, namwambia tu: kuna mahali katikati anasahau maneno, jaribu kupakamata. Wanaisikiliza mara mbili tatu wakipatafuta, na mtu akishausikiliza wimbo mara tatu ameshakuwa wenu.

Nyingine ni Bill Evans, "Waltz for Debby", ilirekodiwa laivu Village Vanguard, New York, Jumapili tarehe 25 Juni 1961. Mwambie asikilize glasi. Kuna watu wanakunywa na kuongea zao huku mambo yale yanatokea mbele yao. Halafu asikilize besi ya Scott LaFaro isivyokubali kukaa nyuma, inaongea na piano kama watu wawili waliokaa meza moja. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari siku 11 baadaye akiwa na miaka 25. Hii ya mwisho mimi huwa naisema baada ya mtu kusikiliza, ukiisema mwanzo anasikiliza msiba badala ya muziki.

Hatua ya nne: taja rekodi yenyewe

Ukimwambia mtu kasikilize "Summertime" hujamwambia kitu, kwenye jazi wimbo mmoja unapigwa na watu mia na kila mmoja anautoa kivyake, na huo ndo uhondo wenyewe. Kwa hiyo taja nani, mwaka gani, albamu gani, na kama ni laivu au studio. Sio kujionyesha, ni kumsaidia asipotee, maana akitafuta kwa jina la wimbo tu anaweza kuangukia mkusanyiko wa ovyo wenye sauti mbovu akadhani ndo hiyo uliyokuwa unaisifia.

Na mkishazoeana geuza tatizo hilo liwe mchezo: wimbo mmoja, watu wanne. "Summertime" inafaa sana. Ilitoka kwenye opera ya George Gershwin ya 1935, na 1936 tu Billie Holiday akaiimba kwa mwendo wa haraka kidogo, kama ana safari. Halafu weka Ella na Louis Armstrong, tarumbeta linatangulia, Ella anaimba kama anambembeleza mtoto, Louis naye akija na sauti yake ya mchanga unahisi babu kaingia chumbani. Halafu Miles Davis 1958 na okestra ya Gil Evans, kaliziba tarumbeta mdomo, hakuna neno hata moja na bado unaimba naye. Mwisho Coltrane, kwenye albamu ya "My Favorite Things" aliyorekodi 1960, ambaye ule ubembelezi ameutupa wote, anaupiga kama mtu mwenye hasira ya haki. Muulize mwenzio yupi ni wako na kwa nini, hapo mtaongea usiku kucha na utamjua kuliko ulivyomjua miaka yote.

Hatua ya tano: andika ujumbe mfupi kwa maneno yako

Usinakili maelezo ya kwenye jalada, na haya maneno ya bonge la albamu, kazi bora ya wakati wote, yaache, hayamsaidii mtu kusikia chochote. Mimi naandikaga hivi:

"Huyu ni Coleman Hawkins, saksafoni ya tenor, Body and Soul, ya Oktoba 1939. Ni dakika tatu tu. Melodia yenyewe anaigusa mwanzoni kidogo halafu anaiacha na hairudii tena, jaribu kufuata anaelekea wapi. Mimi ule mwisho unaniacha mdomo wazi kila siku. Sikiliza kwa hedifoni kama unazo. Hauna haraka."

Umeona, kuna nani, lini, urefu, pa kuweka sikio, kwa nini mimi naipenda, na ruhusa ya kuchelewa. Hiyo ruhusa usiisahau, bila hiyo umempa mtu homuweki. Na baada ya kutuma usimuulize kesho yake umesikiliza? Muache. Akisikiliza atasema.

Waimbaji nao

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu kwenye waimbaji ndo watu wanagombana kweli. Ala inaweza kumpita mtu, sauti ya mtu haimpiti, ama anaipenda ama inamkera na mara nyingi hajui kwa nini.

Chukua Billie Holiday. Kuna wanaotaka yule wa miaka ya 1930, sauti nyepesi, anacheza na mapigo, Lester Young akimjibu kwa saksafoni pembeni. Na kuna wanaomtaka wa "Lady in Satin", ya 1958, okestra ya fidla nyuma yake na sauti imechakaa kabisa, imekwaruzika, noti nyingine hazifiki. Nimesikia watu wanasema ile albamu isingetoka, kwamba ni kumuonyesha mtu akiwa amekwisha. Mimi naiona kinyume chake, pale ambapo sauti imeisha ndo unasikia jinsi alivyokuwa anajua kulipanga neno, kipaji kilichobaki ni ufahamu mtupu. Lakini simpi mtu hiyo kwanza. Nampa ya 1930 na kitu, akishampenda ndo nampeleka kule, na huwa namuonya itauma.

Katikati ya hizo mbili kuna picha moja ya video ambayo ningependa kila shabiki aione. Desemba 1957, kipindi cha televisheni cha CBS kilichoitwa "The Sound of Jazz", Billie anaimba "Fine and Mellow" na wapulizaji wamemzunguka. Lester Young na yeye walikuwa marafiki wa siku nyingi, Lester ndo alimpa Billie lile jina la Lady Day na Billie akamuita Prez. Zamu ya Lester ikifika anainuka, anapiga mzunguko mmoja tu wa blues, noti chache, polepole, hakuna hata moja ya kujionyesha. Usimuangalie Lester. Muangalie Billie, anavyotikisa kichwa, anavyotabasamu kwa mbali kama mtu anayekumbuka kitu na hataki kukisema. 1959 wote wawili walifariki, Lester mwezi Machi, Billie Julai. Ukimshea mtu hiyo video usiandike chochote kirefu, andika tu: mwangalie uso pale saksafoni ya pili inapoanza.

Ushauri mwingine, usimlinganishe mwimbaji na mwingine kwa kumshusha. Ukisema Ella ni bora kuliko Sarah unafunga mazungumzo, ukisema Ella ananifurahisha na Sarah ananishangaza, mtu ana pa kuanzia. Na wataje na walio hai, Cécile McLorin Salvant anaimba leo hii na unaweza kumuona jukwaani kwa macho yako, jazi isiwe hadithi za marehemu tu.

Mkipata nafasi, sikilizeni pamoja

Watu watatu mpaka watano wanatosha, kila mmoja aje na wimbo mmoja na asiseme ni nani mpaka uishe. Hiyo ya kutotaja jina ni muhimu, jina kubwa linawafunga watu midomo, kumbe wasipojua watasema wanachosikia kweli. Wakati wa solo, yaani pale mpigaji mmoja anapotoka mbele peke yake, msiongee, maneno yakae katikati ya nyimbo. Spika ya simu msiitumie, besi yote inapotea, na jazi bila besi ni nyumba bila sakafu, tafuteni hata spika ndogo ya kawaida inayotoa sauti ya chini. Wenye santuri washike pembeni, vidole visiguse mifereji, na zikihifadhiwa zisimame, zisilaliane.

Akisema hajapenda

Usimtetee Coltrane, hahitaji. Muulize tu ni wapi ulipochoka? Mara nyingi jibu ni la maana sana, atakwambia ilikuwa ndefu, au sikuelewa wanaenda wapi, au ile saksafoni ya juu inaniumiza masikio, na hapo unajua kinachofuata kiwe kifupi, au kiwe na mwimbaji, au kiwe na piano. Na wewe mwambie akutumie chake. Hii ya kupokea tunaisahau wakongwe, tunataka kufundisha tu. Sathima Bea Benjamin wa Afrika Kusini mimi nililetewa na mtu ambaye nilidhani namfundisha. Alirekodi Paris 1963, Duke Ellington, Billy Strayhorn na Dollar Brand wakipokezana piano, na rekodi ile ikakaa zaidi ya miaka 30 haijatoka. Nilikaa kimya albamu nzima.

Mkishaanza, fuateni wapigaji

Hii ndo njia isiyoisha. Chini ya kila albamu kuna majina ya wapigaji, chukua jina moja ambalo mwenzio kalipenda mfuate nalo kwenye albamu inayofuata. Mfano alipenda ile saksafoni yenye furaha kwenye "Kind of Blue", huyo ni Cannonball Adderley, mpeleke kwenye "Somethin' Else" ya 1958 ambayo ni ya Cannonball mwenyewe na Miles yuko humo kama mwalikwa. Kwenye dramu humo ni Art Blakey, basi kama kampenda Blakey unamrudisha kwenye "Moanin'", humo atakutana na Lee Morgan kwenye tarumbeta, kijana wa miaka 20 anayepuliza kama anadaiwa. Muache Lee Morgan afanye kazi yake.

Yule rafiki yangu wa nyimbo arobaini nilimuomba radhi, nikamwambia ile orodha ifute, nikamtumia "So What" peke yake na mstari uleule wa toazi nilioandikiwa mimi. Alijibu usiku wa manane, neno moja: "Nimelisikia."